Tulichokiona na Tulichodhani Tumekiona

Wazee wetu walituachia mithali isemayo, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Mithali nyingi ni taa ya njiani, bali hii twaiogopa, maana ilitumiwa zamani katika kijiji chetu kumhukumu mtu asiye na kosa, na lile lililosemwa lilitoka kinywani mwetu sisi wenyewe. Kwa muda wa miaka kumi na saba hatukujua ya kuwa tumekosa. Tulikuja kujua tulipokuwa tukitafuta jina la sinema ya kutisha tuliyoitazama utotoni, ambayo nusu yake tulikuwa tukiikumbuka na nusu tumeisahau. Twataka kuwaeleza habari hiyo, tupate kulipima pamoja swali hili: je, mtu asemaye uongo huku akidhani ni kweli, ana hatia au hana?

Mwaka 2002 tulikuwa na umri wa miaka 11. Siku zile kijijini kwetu palikuwa na banda la video, kuta zake za mabua, na ndani yake televisheni moja iliyoendeshwa kwa jenereta. Watu walilipa kiingilio, wakaketi juu ya mabenchi, na mtu mmoja mwenye sauti kubwa akasimama kando ya televisheni akitufasiria kwa Kiswahili yaliyokuwa yakisemwa. Wazazi walikuwa wametukataza kwenda huko usiku. Tukaenda kwa siri, pamoja na wenzetu wawili.

Sinema ya usiku ule ilikuwa habari ya mtu aliyemtoa mkewe kafara ili apate mali, kisha yule mke aliyekufa akawa anamtokea. Tulitazama kwa kuchungulia katikati ya vidole, maana hofu ilitushika, na kabla haijaisha tukatoka mbio. Njia ya kwetu ilipita penye kisima. Hapo kisimani alikuwapo mtu, ameinama. Tukapiga yowe, tukakimbia mpaka nyumbani. Tulipoulizwa tumekimbia nini, tuliogopa kuitaja video, tukasema tumemwona bibi fulani, mjane aliyekaa peke yake karibu na kisima. Tulipoulizwa tena, tukasema alikuwa amevaa nguo nyeupe. Tulipoulizwa mara ya tatu, tukasema macho yake yalikuwa mekundu na mdomo wake ulikuwa na damu.

Kulipokucha habari ilikuwa imekwisha kuzunguka kijiji kizima. Yule bibi hakupigwa, twamshukuru Mungu. Katika sehemu za kaskazini-magharibi ya Tanzania wanawake wazee wengi wameuawa wakidhaniwa ni wachawi kwa sababu ya macho mekundu tu. Nayo macho hayo yamepata wekundu kwa moshi wa jikoni, wa kuni na wa samadi iliyokaushwa, walioustahimili miaka mingi wakiwapikia watoto na wajukuu. Bibi huyu wa kwetu hakuuawa. Lakini wanawake waliacha kuteka maji pamoja naye, watoto hawakutumwa tena kwake kuomba moto, na nyumba yake ilipovuja hakupatikana mtu wa kuiezeka. Mzee mmoja alipojaribu kumtetea, alijibiwa kwa ile mithali: lisemwalo lipo. Mwaka ule ule binti yake akaja kumchukua, akampeleka kwake mbali, naye akafia huko.

Nasi tukakua, tukasoma, tukapata kazi ya ualimu. Hapa twataka mtusikilize vema: hatukuwa tukijua kwamba twasema uongo. Kila tulipofumba macho tulimwona yule bibi penye kisima, na damu yake, na macho yake, kama mtu aonavyo picha iliyotundikwa ukutani. Hata wanafunzi wetu tuliwahi kuwasimulia jambo hilo, tena kwa kuapa.

Hamu ya kuijua ile sinema haikututoka. Tuliwauliza wenye maduka ya kanda, wakatucheka, wakasema sinema za namna hiyo ni nyingi kama mchanga, maana habari ya mke kutolewa kafara imechezwa na Wanijeria mara nyingi. Sisi tulikuwa na alama nne tu. Ya kwanza, mke aliyetolewa na mumewe. Ya pili, mwanamke mwingine, kahaba, aliyepelekwa mahali pa kafara, akalitaja jina la Yesu, akapona. Ya tatu, kisima chenye gogo la mwembe kando yake. Ya nne, maneno haya: "Mwenye macho mekundu ndiye mwenyewe."

Mwaka 2019 ilitoka Nijeria sinema mpya iitwayo Living in Bondage: Breaking Free, iliyoongozwa na Ramsey Nouah, na kwa ajili yake watu wakaanza kuitaja tena ile ya kwanza, Living in Bondage ya mwaka 1992. Mwalimu mwenzetu aliyesoma habari zake akatuambia, "Ndugu yangu, nadhani hii ndiyo unayoitafuta." Tukaipata, tukaitazama mchana, milango ikiwa wazi.

Sinema hiyo ilitolewa na Kenneth Nnebue, ikaongozwa na Chris Obi Rapu, ikapigwa katika kanda za video, na wachezaji wake wasema Kiigbo. Wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua mlango wa biashara kubwa ya sinema za Nijeria. Yasimulia habari za Andy Okeke, kijana wa Lagos, anayewaonea wivu wenzake waliotajirika. Rafiki yake Paulo ampeleka katika kundi la siri, na huko aambiwa amtoe mkewe, Merit. Ajaribu kwanza kumpeleka kahaba badala ya mkewe, lakini yule mwanamke alitaja jina la Yesu, na hila ile yafunuliwa. Basi Merit atolewa, Andy apata mali, na mzuka wa Merit waanza kumtokea hata ashikwa na wazimu. Katika sehemu ya pili, iliyotoka mwaka 1993, yule kahaba aliyeponea chupuchupu ndiye amwokotaye na kumpeleka kanisani, akaungama.

Alama ya kwanza na ya pili tulizikuta. Ya tatu haikuwamo: kisima kile chenye gogo la mwembe kilikuwa chetu sisi, wala si cha Lagos. Ya nne nayo haikuwamo, si katika Kiigbo wala katika maneno ya Kiingereza yaandikwayo chini ya picha. Ndipo tulipokumbuka kuwa yule mfasiri wa bandani hakujua Kiigbo, naye alizoea kutia chumvi yake mwenyewe ili watu wacheke. Maneno ya macho mekundu yalikuwa yake. Tena mzuka wa sinema si mwanamke mzee. Ni mke kijana.

Tukaketi kimya, tukafanya hesabu. Nguo na damu zilitoka katika sinema. Macho mekundu yalitoka kinywani mwa mfasiri. Kisima kilitoka kijijini. Na tulipoyaondoa yale yote yasiyo yake, ni nini kilichobaki kwa yule bibi? Kilibaki kitu kimoja: mtu aliyeinama penye kisima usiku, akiteka maji.

Huenda msomaji akasema, "Ninyi mlikuwa watoto, mtu mzima hakosei hivyo." La, hata mtu mzima hukosea. Mwaka 1932 mwalimu wa Cambridge, Frederic Bartlett, alitoa kitabu juu ya kukumbuka. Aliwapa Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu wa Amerika, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Mitumbwi ikageuka mashua, na mambo yaliyokuwa mageni kwao yakaachwa au yakageuzwa yafanane na ya kwao. Nasi vivyo hivyo tuliichukua hofu ya Lagos tukaipa makao kisimani petu.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonyesha wanafunzi 150 sinema fupi ya motokaa zilizogongana. Wanafunzi 50 waliulizwa motokaa zilikuwa na mwendo gani zilipogongana. Wengine 50 waliulizwa kwa neno kali zaidi, zilipopondana. Na 50 waliosalia hawakuulizwa habari za mwendo. Baada ya juma moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo vilivyovunjika havikuwamo. Lakini katika wale wa neno kali, 16 walisema waliviona. Katika wale wa neno la kawaida, 7. Na katika wale wasioulizwa mwendo, 6. Tazama, neno moja la muulizaji lilitosha kuvunja vioo ndani ya vichwa vya watu. Sisi tuliulizwa mara tatu, na kila mara muulizaji alikuwa akingoja kusikia zaidi.

Na tena, katika miaka ya 1970 huko Australia, mwanamke mmoja alishambuliwa nyumbani kwake, akamtaja Donald Thomson kuwa ndiye aliyemdhuru. Thomson alikuwa mtaalamu wa saikolojia, na saa ile ile ya shambulio alikuwa akionekana katika televisheni, akizungumza moja kwa moja juu ya jambo hili hili la mashahidi na kumbukumbu zao. Yule mwanamke alikuwa akiitazama televisheni kabla ya kushambuliwa. Ule uso wa kwenye kioo ukachukuliwa, ukabandikwa juu ya mhalifu. Mwanamke hakusema uongo kwa kusudi. Lakini kama Thomson asingalikuwa na ushahidi wa watu wengi waliomwona, nani angalimwamini?

Sasa na turudi kwenye swali letu. Agostino, yule askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alifundisha ya kwamba uongo umo katika nia ya msemaji. Asemaye lisilo kweli akidhani ni kweli amekosea, lakini si mwongo. Twakubali neno hili, wala hatuwezi kumwita mwongo mtoto mwenye hofu. Lakini hapo hapo twaona kuwa halitutoshi. Kwa maana yule bibi hakuondolewa na nia yetu. Aliondolewa na maneno yetu. Paa lake lilivuja vile vile, kama kwamba tumesema uongo kwa kusudi.

Basi sisi twasema hivi. Kukumbuka vibaya si dhambi, kama vile kuona vibaya gizani si dhambi. Bali mtu ajuaye kuwa ni giza, akarusha mkuki, hawezi kujitetea kwa kusema hakuona. Hatia yetu si ya usiku ule. Hatia yetu ni ya miaka iliyofuata, tulipokuwa watu wazima wenye elimu, tukaendelea kuisimulia habari ile bila kujiuliza hata mara moja: tuliliona jambo hili kwa macho, au tuliambiwa? Tuliliona wapi? Kuna nani mwingine aliyeliona, asiyelisikia kwetu? Hata sheria ya Musa ilidai mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuhukumiwa. Na wale wenzetu wawili hawakuwa mashahidi wengine, maana hofu yao na yetu ilikuwa imetoka katika banda moja.

Na jambo la kutisha kuliko sinema yenyewe ni hili: tulitumia miaka mingi kuuliza jina la ile picha, tukitaka tu kuituliza hamu yetu, wala hatukuuliza hata siku moja habari za yule bibi. Jina la mchezo tulilihangaikia. Jina la jirani tulilichafua, tukalala usingizi.

Tulipokwisha kuitambua sinema tulifunga safari kwenda kwa binti yake, ambaye sasa ni mama mtu mzima. Tukamwamkia, tukamweleza yote: banda, kisima, damu, na maneno ya mfasiri. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mama hakukuita mwongo. Alisema, yule mtoto aliogopa; ni wazima ambao hawakuuliza." Hakutuambia kuwa ametusamehe, wala hatukumwomba aseme. Tulimwomba ruhusa tu ya kuisema kweli hii mbele ya watu wa kijiji, akatupa. Tukaisema barazani. Wengine walisikitika. Wengine walisema mambo ya zamani yaachwe. Na mmoja akasema bado ana shaka, maana lisemwalo lipo. Huyo hatukumkasirikia. Twajua ni nani aliyelianzisha neno lile.

Ndugu wasomaji, ninyi nanyi mnazo kumbukumbu za namna hii: jirani mliyeambiwa ni mwizi, shangazi mliyeonywa msile chakula chake, mtu mliyemwona usiku mahali fulani. Twawaomba, kabla hamjalitamka jina la mtu, mlipepete neno lenu kama mwanamke apepetavyo mchele katika ungo, mpate kujua mchele ni upi na makapi ni yapi. Na mkikuta ya kuwa mlikwisha kulisema lisilo kweli, nendeni mkaliseme hilo nalo, kwa sauti ile ile mliyotumia kwanza.