Bei ya Chini Hulipwa na Nani?

Msafiri wa shanta huhesabiwa kuwa mtu mwema. Hajengewi hoteli ufuoni, hawashiwi kiyoyozi usiku kucha, hula kwa mamantilie na hulala gesti yenye chandarua kilichoshonwa-shonwa. Kwa hiyo tunamdhania kuwa hana deni na mtu. Nataka kuihoji dhana hiyo kwa mfano ulio karibu nami: safari ya Kisiwa cha Mafia, ambayo sisi wanafunzi wanne wa Kiswahili hapa Kampala tunaipanga ili tukazamie baharini na, labda zaidi, tukakisikie Kiswahili kwa wenyewe.

Hesabu ya njia ni rahisi. Basi linatoka Kampala kupitia Mutukula na Bukoba hadi Dar es Salaam. Viza hatuhitaji, ila kadi ya chanjo ya homa ya manjano lazima iwe mkononi. Mwenye fedha hupanda ndege ndogo kutoka Dar. Sisi tutakwenda Mbagala, tupande gari la Nyamisati, kisha boti hadi Kilindoni. Tumechagua majira ya kaskazi, kwa sababu kusi ikivuma bahari huchafuka, na pia kwa sababu papa potwe huonekana karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Hadi hapa kila shilingi tunayookoa tunailipa wenyewe kwa kuumwa mgongo na kukosa usingizi. Huko ndiko kubana matumizi, na sioni wa kumlaumu.

Tukifika majini, hesabu inabadilika. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, na mwenye cheti cha kwanza cha uzamiaji hapaswi kupita mita 18. Huko chini anaishi kwa mtungi mmoja na mpira wa kupumulia. Anayetoza bei ndogo kuliko wenzake wote ameipunguza mahali fulani: pengine vifaa havijakaguliwa, pengine kiongozi mmoja anachukua wageni kumi. Unaweza kusema maisha ni yangu, nina haki ya kuyahatarisha. Lakini nikikwama, atakayeshuka kunitafuta ni kijana wa Mafia, naye hakuulizwa kama anaukubali unafuu wangu.

Hata hivyo, mjadala mkali kati yetu haukuwa juu ya mitungi. Ulikuwa juu ya ada ya hifadhi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na inaikumbatia Ghuba ya Chole pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Watu wanaishi ndani yake, si pori. Mgeni hulipa ada kwa kila saa 24. Mji wa Kilindoni uko nje ya mipaka, kwa hiyo wasafiri wengi wa shanta hulala Kilindoni na huingia hifadhini siku ya kuzamia tu. Hilo nalikubali bila wasiwasi, kwani anayelala nje hatumii kilicho ndani.

Mwenzetu mmoja alitaka twende mbali zaidi. Tumtafute mvuvi, alisema, atuingize kwa mashua yake kutoka baharini bila kupita getini, tuogelee juu ya matumbawe kwa miwani tu, na fedha yote iende mkononi mwake. Hoja yake ilikuwa na uzito kuliko tulivyotaka kukiri. Hifadhi ilipokuja, alisema, ilimwambia mvuvi asivue hapa, asitumie wavu ule. Kwa nini basi nimlipe aliyemzuia, nisimlipe aliyezuiwa? Akaongeza kwamba sehemu ya mapato ya hifadhi inayorudi vijijini haiwezi kuushinda mkono unaopokea noti papo hapo.

Nilikaa na hoja hiyo siku kadhaa. Jibu langu la kwanza ni kwamba mashua ikikamatwa, hasara si yetu. Sisi tutarudi darasani Kampala. Yeye atabaki na faini, au bila mashua. Tofauti ya bei tunayoifurahia ni hatari aliyoibeba yeye, na ameibeba kwa sababu anahitaji fedha ya leo. Kusema "amekubali mwenyewe" ni kweli, lakini ni ukweli mwembamba.

Jibu la pili naliona zito zaidi. Matumbawe yale yako hai kwa sababu wapo watu waliojizuia. Baruti huvunja kwa dakika moja kitu kilichokua kwa miaka mingi, na kokoro hukokota hata samaki wachanga. Mvuvi wa Jibondo aliyeliacha kokoro lake simfahamu, wala sitampanda mashua. Nikimlipa mvuvi mmoja getini nikiwa nimekwepa, sijawalipa wavuvi. Nimemlipa yule aliyekuwa tayari kuvunja makubaliano ambayo wenzake wanayashika. Na ikiwa ada haiwafikii vizuri, hilo ni jambo la kulalamikia kwa sauti. Halinipi mimi, mpita njia, haki ya kujichagulia nani nimlipe deni langu.

Katika makala yake ya *Ujamaa* ya mwaka 1962, Nyerere aliikumbusha jamii methali inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hii hutajwa kwa mzaha, kumfukuza shemeji. Lakini kwa msafiri inauliza swali la haki: jembe lako ni lipi? Wapo wanaodhani jembe ni kufundisha watoto wa kijiji nyimbo za Kiingereza kwa alasiri moja. Mimi nasema jembe la mtu anayekaa siku tano ni kulipa anachodaiwa.

Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tuna kishawishi chetu cha pekee. Bwindi, mgeni wa kutoka mbali hulipa dola 800 kuwaona sokwe wa milimani. Raia wa Jumuiya hulipa shilingi 300,000 za Uganda, takriban sehemu ya kumi. Ninaitetea tofauti hiyo kwa sababu mkulima wa Bwindi ndiye ambaye shamba lake huvamiwa na wanyama. Lakini mimi wa Kampala sijavamiwa na chochote, na kwa Jibondo sijaacha hata ndoano. Bei ya mwananchi ninapoipata ni zawadi ya jirani. Nikiidai ishushwe tena, nikijiita ndugu, nautumia undugu kama kuponi.

Tumeiingiza ada kwenye bajeti, na kila mmoja atazamia mara mbili badala ya nne. Mwenzetu amekubali kwa sharti moja: tukifika Utende tuwaulize wenyeji, kabla ya kuwauliza wenye hifadhi, ada hiyo imewafanyia nini. Nimeliandika swali hilo kwenye orodha yetu, chini ya chandarua na dawa ya mbu.