Kujua Jibu, Kujua Sababu

Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Menon, Sokrates anamwita kijana mtumwa ambaye hakuwahi kufundishwa jiometria. Anamchorea mraba wenye upande wa futi 2, kisha anamwuliza: mraba wenye eneo maradufu utakuwa na upande gani? Kijana anajibu upesi: futi 4. Eneo linatoka 16 badala ya 8. Anajaribu 3, linatoka 9. Anakwama. Maswali yakiendelea, anauona mwenyewe mraba unaotakiwa, umesimama juu ya ulalo wa ule wa kwanza.

Kisa hiki cha mtu asiyefundishwa lakini anayeweza kufikiri kinawahusu sana wanaovidharau vyuo vya miaka miwili vya Marekani. Vyuo hivyo vya umma, vilivyoanzia Joliet, Illinois, mwaka 1901, humpokea karibu kila anayebisha hodi: mzazi anayelea, mfanyakazi wa zamu, kijana asiyemudu karo ya chuo kikuu. Mpenda hisabati husoma huko kalkulasi na matriki, kisha huhamia chuo kikuu kumalizia shahada ya kwanza. Eileen Collins alipita njia hiyo. Alimaliza Corning Community College, New York, mwaka 1976, akapata shahada ya hisabati na uchumi Syracuse mwaka 1978, na mwaka 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuwa kamanda wa chombo cha anga cha Marekani.

Je, kalkulasi ya Corning ilikuwa pungufu? Ukweli wa hisabati haubadiliki kwa kuvuka lango la chuo.

Lakini Sokrates hakuishia kwenye jibu sahihi la kijana, na hapa ndipo penye uzito. Alisema fikra mpya za kijana yule bado ni kama ndoto; hazitakuwa maarifa mpaka zifungwe kwa sababu. Mwanafunzi anayehamia hukutana na tofauti hiyo ana kwa ana. Miaka miwili ameulizwa thamani ya kitu, sasa anaambiwa, “Thibitisha.” Wenzake walioanzia chuo kikuu nao hutaabika, ila wao tayari wana marafiki wa kukesha nao na wanajua mlango wa mwalimu wa kugonga. Yeye ni mgeni, na ugeni huo huchukuliwa kimakosa kuwa upungufu wa akili.

Kumcheleweshea uthibitisho ni kumdhulumu. Kwamba urefu wa ulalo wa mraba ukigawanywa kwa upande wake haupatikani kama sehemu ya namba nzima mbili, hilo huthibitishwa kwa kujua tu namba shufwa na witiri. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza analiweza kabisa.

Nacho chuo kikuu kinachosita kuyatambua masomo ya mgeni wake kina njia ya haki zaidi ya kusoma jina la chuo alikotoka: kimpe ubao na chaki, kimwulize kwa nini kila hatua inafuata ile iliyotangulia, na kimpe muda wa kujibu.