Mkopo, Somo na Hiari: Wanawake wa Mwambao wa Ziwa Victoria

Mikopo midogo inayoambatana na elimu ya afya inazua swali la kimaadili ambalo vitabu vya hesabu haviligusi: je, ni haki kumkopesha maskini kwa faida, kisha kumfunza afya kwa kuwa anadaiwa? Mkoani Mwanza swali hilo linawahusu zaidi wanawake: wachuuzi wa dagaa, mama lishe, wakulima wa mpunga na mihogo wa Magu, Sengerema na Ukerewe.

Kuhusu faida, vitabu vya dini havifichi kitu. Sura ya al-Baqara inaharamisha riba na inaagiza mdaiwa aliyekwama asubiriwe mpaka apate nafuu. Torati inakataza kumtoza maskini riba, tena inazuia kuweka rehani jiwe la kusagia, kwa sababu anayelichukua amechukua uhai wa nyumba nzima. Kanisa Katoliki lilipinga riba kwa karne nyingi, ingawa mwaka 1515 Mtaguso wa Tano wa Laterano uliruhusu nyumba za rehani za maskini zitoze kiasi cha kulipia uendeshaji wake. Watetezi wa mikopo midogo husimama hapo: mshahara wa afisa mikopo na mafuta ya pikipiki yake lazima vilipwe na mtu. Hoja ina mashiko, mradi kinachotozwa ni gharama. Lakini kikomo cha Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wadogo ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 42 kwa mwaka, na si rahisi kuiita hiyo ada ya uendeshaji. Mikopo ya riba kali inayoitwa mtaani “kausha damu” haina hata haja ya mjadala. Mfano wa kinyume upo: kisheria halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, bila riba.

Hata hivyo, kwa mchuuzi wa dagaa riba si mzigo pekee. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, samaki hawaifuati taa na mitumbwi hubaki mwaloni. Mvua nayo huharibu dagaa walioanikwa mchangani. Siku ya marejesho haijali mwezi wala mvua. Mwanachama wa kikundi cha mkopo akikwama, wenzake waliomdhamini hulazimika kumlipia, na wakati mwingine huishia kubeba masufuria yake. Hapo udhamini umegeuka kuwa kile kile ambacho sheria ya jiwe la kusagia ilikusudia kuzuia.

Elimu ya afya ina ugumu wa aina nyingine. Kichocho huenezwa na konokono wa maji baridi, na vimelea vyake hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Mwanamke huteka maji ziwani, hufua humo, huogesha watoto humo. Kumwambia aliepuke ziwa wakati kijiji hakina bomba ni kumwongezea lawama, kwani hakuna wajibu pasipo uwezo. Mwanauchumi Amartya Sen ameupima uhuru kwa yale ambayo mtu anaweza kweli kuyafanya, na kwa kipimo hicho somo na fedha vinahitajiana: fedha ya kisima, choo au nauli ya zahanati ndiyo inayolipa somo miguu.

Fedha peke yake nayo haitoshi. Utafiti wa MAISHA, uliofanywa jijini Mwanza na matokeo yake kutangazwa mwaka 2019, ulihusu wanawake wa vikundi vya mikopo vya shirika la BRAC. Wote walikuwa na mikopo. Baadhi ya vikundi viliongezewa mafunzo ya vipindi kumi kuhusu jinsia na mahusiano. Kwa waliofunzwa, vipigo kutoka kwa wenzi vilipungua, ingawa ukatili wa kingono haukuonyesha nafuu kama hiyo. Tofauti hiyo haikuletwa na mkopo, kwa kuwa mkopo pande zote ulikuwepo.

Linabaki suala la hiari. Anayesikiliza somo huku akingoja kuidhinishiwa mkopo hana uhuru kamili wa kulihoji, na Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mashariki mwa ziwa hilo hilo, alishikilia kwamba mtu haendelezwi, hujiendeleza mwenyewe. Kwa msingi huo somo la afya lisiwe sharti la kupewa mkopo, na marejesho ya wachuuzi wa dagaa yapangwe kwa majira ya giza, si kwa kila wiki.