Msomaji wa Mbali na Msomaji wa Jirani

Mwandishi apatapo barua kutoka nchi ya mbali huvimba kichwa. Nasema hivyo kwa kuwa yamenipata.

Kijitabu changu cha kwanza nilikichapisha kwa fedha za kiinua mgongo, na nakala nyingi zilibaki chini ya kitanda. Siku moja nikapokea barua kutoka Maskati. Mama mmoja, ambaye wazazi wake walihama Unguja mwaka 1964, alikuwa amepelekewa nakala na jamaa yake. Aliandika kwamba alilia aliposoma habari za mpishi wa chuo chetu cha ualimu, aliyetulisha uji mwaka wa njaa wa 1974, nilipokuwa mwanachuo.

Barua ile niliitembeza mtaa mzima. Moyoni nilijifananisha na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyesomwa Ulaya miaka mingi kabla ya kusomwa kwa lugha ya kwao. Riwaya yake Paradise ilitoka 1994. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, ilitoka 2022, baada ya Tuzo ya Nobeli ya 2021. Nikajiambia, kweli nabii hana heshima kwao.

Mke wangu akaniuliza, "Na yule mpishi mwenyewe, umemsomea?"

Sikuwa na jibu. Mzee yule anakaa mwendo wa nusu saa kutoka kwangu, na macho yake hayaoni tena maandishi. Nilikwenda, nikamwamkia, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Umeandika vizuri, Mwalimu. Lakini marehemu mke wangu ndiye aliyeamka saa tisa usiku kuukoroga uji ule, bila mshahara. Mbona humu hayumo?"

Je, furaha yangu ilikuwa kosa? La. Maneno yana haki ya kuvuka bahari, na aliyefarijika ng'ambo amefarijika kweli. Kosa langu lilikuwa kuridhika na sifa za mtu asiyeweza kunisuta. Msomaji wa mbali hutupa upana. Wa jirani hutudai ukweli. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka wangu alikuwa usahaulifu.

Nimemwandikia tena yule mama wa Maskati, nikamweleza habari za mke wa mpishi. Sehemu ya machozi yake ilikuwa haki ya marehemu.