Kumfuata mwenye dhiki mlangoni

Udalali wa nyumba hauhitaji mtaji mkubwa. Simu, vipeperushi vya fotokopi na gazeti lenye matangazo ya mnada vinatosha. Dalali anasoma ni nani kashindwa kulipa mkopo wa benki, anakwenda Magomeni au Temeke, anabisha hodi: "Shikamoo mzee. Nina mteja wa fedha taslimu. Uza kabla ya mnada."

Kijana mmoja afanyaye kazi hii aliniuliza: "Kosa langu liko wapi? Sijamdanganya mtu, na mwenye nyumba karidhia."

Swali lake si la kupuuzwa. Wapo ambao kuuza mapema kunawaokoa: deni linalipwa na kinachobaki kinawasitiri. Kumpelekea mtu habari hiyo si dhambi. Lakini ridhaa ya aliyebanwa ni ridhaa ya namna gani?

Mtume (s.a.w.) alikataza kuwalaki wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni, na akampa muuzaji khiyari ya kuvunja biashara akishafika. Msafiri yule naye alikuwa karidhia, ila aliridhia bila kuijua bei.

Hata Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeliona hili. Benki ikiuza nyumba ya mdaiwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kuwa imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Basi benki imewekewa mpaka. Anayebisha hodi kabla ya mnada hakuwekewa huo. Mpaka wake ni ucha Mungu wake.

Nilimjibu hivi: mwambie mzee bei ya soko kwanza. Mshauri arudi benki kuomba muda, kwani Qur'an (2:280) imeagiza mdaiwa mwenye dhiki asubiriwe. Mkewe naye awepo, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake nyumba ya familia inapouzwa. Kisha taja wazi ujira wako. Akiuza baada ya hapo, chukua haki yako kwa moyo mweupe.

Akasema: "Nikifanya hivyo nitakosa nyumba nyingi, nami nina watoto."

Huenda akazikosa. Lakini nyumba anayoikosa kwa sababu mwenyewe kaambiwa ukweli haikuwa riziki yake. Na huyo mzee naye ana watoto.

Wallahu a'lam.