Ajali Haina Kinga?

Kila penye msiba wa barabarani tunausikia msemo huu: ajali haina kinga. Aghalabu husemwa kwa nia njema, kuwafariji waliofiwa. Lakini baada ya miaka mingi ya kusikiliza kesi za wanafunzi, ambapo "sikukusudia" na "sikujua" ndizo tetesi za kila siku, hujiuliza: je, aliyedhuru bila kujua hana hatia?

Nitazame breki za pikipiki, kwani siku hizi karibu sote tunapanda bodaboda.

Breki ya nyuma ya pikipiki nyingi za bodaboda ni ya dramu. Dereva akikanyaga, shuu mbili hutanuka ndani ya gurudumu na kusugua ukuta wake mpaka pikipiki isimame. Kila kusimama hula shuu kidogo, kiasi kisichoonekana kwa macho. Leo kanyagio limeshuka kidogo kuliko jana, na mguu nao umelifuata. Baada ya miezi dereva anakanyaga kwa nguvu mno, na bado ataapa kwamba breki zake ni zile zile. Wala hasemi uongo. Mguu umezoea, na mazoea hayapigi kelele.

Kuna na jambo la pili. Kanyagio likishuka sana, fundi hukaza nati iliyo mwisho wa fimbo ya breki, na mara breki inashika. Kazi hiyo ni halali: kanyagio hutakiwa kucheza sentimita mbili au tatu hivi, na gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Lakini nati haiongezi unene wa shuu. Ukikaza leo na kesho bila kutazama ndani, unatuliza maumivu na kuacha maradhi. Ndiyo maana watengenezaji wengi huweka mshale mdogo pale gurudumuni. Kanyaga breki mpaka mwisho, kisha utazame: mshale ukifika kwenye alama, shuu zimekwisha, hata kama breki bado inashika.

Basi kutojua kuko kwa namna mbili. Kuna kutojua kwa mtu ambaye mlango wa kujua umefungwa, huyo tumhurumie. Na kuna kutojua kwa mtu ambaye mlango u wazi, ila hakuinama kuchungulia. Huyu akisema "sikujua", asemayo ni kweli, lakini hapana budi aulizwe swali moja zaidi: kwa nini hukujua?

Kijana mmoja anayenibeba mara kwa mara alinijibu hivi: "Mzee wangu, pikipiki si yangu. Tajiri anataka hesabu jioni. Nikishinda gereji, watoto watakula nini?" Hoja yake ni nzito, na wanaohubiri juu ya wajibu wakiwa wameshiba wasiidharau. Lakini naona haimwondolei yeye dhamana. Inawaita wengine waje kuibeba pamoja naye. Inamwita tajiri apokeaye hesabu kila jioni asiulize hata siku moja hali ya shuu. Inamwita na abiria anayesema "ongeza mwendo, nimechelewa". Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata karibu mita 17 kila sekunde; na mwendo ukizidi mara mbili, breki huhitaji umbali mara nne kuisimamisha. Dhamana ya namna hii haipungui kwa kugawanywa. Kila mmoja huibeba nzima mahali pake.

Kinga kamili haipo, nakubali. Mtoto aweza kuufuata mpira hadi katikati ya barabara, hata mbele ya dereva mwangalifu. Lakini mita moja yaweza kuwa maisha yake yote, na mita hiyo hutafutwa asubuhi, pikipiki ikiwa bado imesimama. Kwa hiyo msemo ule tuwaachie wafiwa, wautumie kujipoza. Sisi tunaoendesha, tunaomiliki na tunaopanda, hatuna haki ya kuutamka kabla hatujainama kuutazama mshale.