Senti Zilizokataa Kuisha

Mwanangu, nasikia umeanza kujifunza Python, na ile sura ya aina za namba umeiruka kwa kuwa namba ni namba tu. Irudie. Mimi niliiruka nilipokuwa na umri wako, na aliyeumia ni mama mmoja muuza samaki.

Nilikuwa nimekiandikia programu chama kimoja cha akiba na mikopo. Mama yule alikuja asubuhi na rejesho lake la mwisho mkononi, akitaka barua ya kumaliza deni ili akachukue hati ya kiwanja aliyoiweka dhamana. Karani akaingiza malipo. Skrini ikaonyesha salio 0.00, na chini yake kwa maandishi mekundu: ANADAIWA. Akaingiza upya. ANADAIWA. Mama akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Nadaiwa nini?" Hatukuwa na jibu. Barua yake aliipata siku ya tatu, na nauli ya kwenda na kurudi hakuna aliyemrudishia. Hilo linaniuma hadi leo.

Kosa lilikuwa langu. Fedha za watu nilizihifadhi kama floti, yaani namba yenye nukta, kisha nikaiagiza programu ifunge mkopo salio likiwa sawasawa na sifuri. Fungua Python yako, andika 0.1 + 0.2 - 0.3. Sifuri hutaiona. Utaona 5.551115123125783e-17, kijinamba chenye sifuri kumi na sita baada ya nukta ndipo tarakimu ianze. Skrini ya karani ilionyesha tarakimu mbili tu. Programu ilikuwa inaziona zote.

Sisi tunahesabu kwa kumi, kompyuta inahesabu kwa mbili. Ukigawa moja kwa tatu kwa mkono unapata 0.333, na hizo tatu utaziandika hadi karatasi ikuishie. Kwa kompyuta, moja ya kumi nayo ni hivyo hivyo, haina mwisho. Floti ina biti 64, na usahihi wake ni wa biti 53. Zikijaa, mkia unakatwa na kukadiriwa. Ndivyo kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985 kinavyoagiza, kwa hiyo usiilaumu Python.

Mkia huo uliokatwa umewahi kuua. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot uliokuwa ukilinda Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kulizuia kombora la Scud, na askari 28 wa Marekani wakafa. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, kisha ikazidisha kwa moja ya kumi iliyokatwa kwenye biti 24. Mtambo ulikuwa umewashwa saa 100 hivi mfululizo, na upungufu ule mdogo ulikuwa umejikusanya hadi kufikia thuluthi ya sekunde. Katika muda huo Scud huenda zaidi ya nusu kilomita.

Kwa hiyo fedha zihesabu kwa senti, namba kamili, na nukta uiweke wakati wa kuchapa risiti tu. Ukilazimika kutumia desimali, ipo Decimal, lakini uilishe maandishi: Decimal("0.1"). Ukiandika Decimal(0.1) bila alama za kunukuu, umeshampokea mgonjwa pamoja na ugonjwa wake.

Namba kamili za Python hazina kikomo ila kumbukumbu ya mashine. Usilizoee hilo. Ukihamia Java, int yake huishia 2,147,483,647. Ongeza moja, nayo itageuka hasi bila kukuonya.

Na namba ya simu usiifanye namba. Nani anajumlisha namba za simu? Mpe Python int("0712") akurudishie 712, sifuri ya mbele imekwenda, na ujumbe wa mteja hautafika. Iache iwe maandishi.

Ukimaliza hiyo sura, jaribu round(2.5) kisha round(3.5). Majibu ni 2 na 4. Njoo Jumapili unieleze kwa nini.